Tairi la Anko Mukhisa

Kila asubuhi, kabla ya kuonja chai, Emmy alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko kusugua sufuria ya ugali. Alichukua pampu ya mguu, akachuchumaa kando ya tairi la mbele la kushoto, akachomeka mpira, kisha akasimama na kuanza kukanyaga. Alikanyaga mpaka miguu ikalegea. Jioni tairi lilikuwa limejaa, na asubuhi lilikuwa limelala tena kana kwamba hakuna mtu aliyelihangaikia.

"Bado?" Baba aliuliza kutoka mlangoni, mkoba mkononi.

"Bado, Baba. Hii tairi imekataa."

"Ongeza kidogo tu. Itanifikisha kazini."

Itanifikisha! Emmy alikuwa amelisikia neno hilo tangu muhula wa kwanza, na sasa lilimkera masikioni. Tairi lenyewe lilikuwa kipara, bila mfereji hata mmoja wa kushika barabara. Mwenzake wa kulia alikuwa ameanza kutoa nyuzi. Afadhali yale mawili ya nyuma, ambayo bado yalikuwa na uhai.

Gari hilo lilikuwa Pijo kuukuu ya safu tatu za viti, iliyoachwa na marehemu Kuka, babu yake Emmy. Ilikaa hapo nyumbani kwao Bumula, lakini ukoo mzima uliiita "gari letu". Ilikuwa imebeba maharusi, majeneza, magunia ya mahindi na hata ndama. Tatizo ni kwamba "letu" hilo lilisikika siku za safari tu. Siku za pancha, gari lilikuwa la Sifuna, baba yake Emmy, na pampu ilikuwa ya Emmy.

Safari hii, hata hivyo, kulikuwa na jambo lisiloweza kungoja. Kukhu Dinah, mama yake Baba, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alikuwa akipapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba aliyoishi tangu aolewe. Daktari wa macho kule Kitale alikuwa ameshampa siku ya kupasuliwa jicho la kwanza, lakini siku hiyo Pijo ilipata pancha mbili kabla ya kufika Bungoma mjini, wakarudi nyumbani wakiwa wamejaa vumbi. Daktari aliwapa siku nyingine, likizo ya Agosti, na akawaonya kwamba jicho hilo likizidi kucheleweshwa, huenda lisisaidike tena.

"Basi," Baba alisema, "sasa tununue matairi."

Watu wengine wakisema tununue matairi, huenda dukani. Ukoo wa akina Emmy uliunda kamati. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kila mkutano ulifunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi. Kikundi cha familia cha WhatsApp kilijaa ushauri mpaka simu ya Baba ikawa moto. Mmoja alitaka matairi yaliyotumika Japani. Mwingine aliapa kwamba ya Japani yameshachoka hukohuko. Anko Wamalwa, ndugu yake Baba aliyekuwa Nairobi na ambaye hakuwa ameiona Pijo kwa miaka, alituma ujumbe mrefu kuliko wote.

Siku ya mkutano mkubwa, Shangazi Phelista, aliyekuja kutoka Kibabii na ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, alisimama katikati ya sebule.

"Sikieni," alisema. "Mambo ya kuchanga pesa inaleta maneno. Kila nyumba ilete tairi moja. Nyumba nne, tairi nne. Hivyo kila mtu ataona mchango wake ukizunguka barabarani."

Watu walipiga makofi. Emmy, aliyekuwa akigawa chai na mandazi, alimwona Baba akifungua mdomo.

"Lakini dada, tairi lazima zilingane. Si unajua gari—"

"Sifuna, wewe nawe! Tairi si ni tairi? Zote ni duara!"

Makofi tena. Baba akafunga mdomo wake, akachukua kikombe cha chai. Emmy alitamani kukitupa chini kile kisahani cha mandazi. Baba alikuwa afisa wa kilimo, mtu wa kusimama mbele ya wakulima mia na kuwaambia kosa lao waziwazi, lakini mbele ya ndugu zake alikuwa bubu.

Jumamosi iliyofuata matairi yakaanza kuwasili. La Baba lilikuwa jipya, la saizi ya Pijo. La Shangazi Phelista lilikuwa jembamba, la gari dogo, lakini lilikuwa na herufi nyeupe pembeni na yeye alizipenda herufi hizo kupita kiasi. La Anko Wamalwa lilikuja kwa basi kutoka Nairobi, nene na refu, la gari la kubebea mizigo. Ukiyapanga ukutani, yalipandana kama ngazi.

Wa mwisho alikuwa Anko Mukhisa, ndugu mdogo wa Baba, mkulima wa mahindi huko Endebess. Alikuwa mcheshi na mkarimu, na Emmy alimpenda sana. Aliteremsha tairi lake nyuma ya jiko, mbali na watu, akamwita kwa kidole.

"Niaje, Emmy wangu. Nisaidie kitu kidogo. Osha hii, halafu uipake rangi ya viatu nyeusi. Ing'ae. Shangazi yako anataka kupiga picha ya kutuma kwa familia, na si unajua watu wetu na macho yao."

Emmy aliligeuza tairi. Mifereji ilikuwa mizuri, haikuwa imelika. Lakini ubavuni palikuwa na nyufa nyembamba, zimezunguka pande zote, na mpira ulikuwa umepauka. Alikumbuka alipowahi kuliona. Lilikuwa juu ya turubai la mahindi ya Anko Mukhisa huko Endebess, limewekwa ili upepo usipeperushe turubai, na yeye alikuwa akilikalia wakati bado yuko chekechea. Lilikuwa limepigwa na jua na mvua miaka yote hiyo.

"Anko, si imepasuka hapa?"

"Hiyo ni ngozi tu. Ndani iko sawa kabisa. Haijawahi hata kutembea! Paka, mama, paka."

Emmy akapaka. Alisugua kwa kitambaa na rangi ikaingia kwenye nyufa, ikazijaza, zikapotea. Alipomaliza, hata yeye alishangaa. Moyoni kitu kilimsumbua, lakini alijiambia kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, na kwamba msichana wa Gredi ya Saba hamfundishi baba yake mdogo kazi ya tairi.

Picha ikatumwa, na simu zikalia. "Mukhisa umefunga kazi!" waliandika. "Hiyo ndiyo tairi bana!" Katika matairi yote manne, lililosifiwa zaidi ni lile lililokuwa baya kuliko yote. Kukhu Dinah aliletwa ayabariki. Alipapasa moja baada ya jingine, na alipofika kwenye lile la Anko Mukhisa akakawia. Kisha akanusa vidole vyake.

"Hii tairi inanuka viatu," alisema.

Watu wakacheka. Emmy alichukua kitambaa, akampangusa Kukhu vidole, na hakucheka.

Siku moja kabla ya safari ya Kitale, Baba, Anko Mukhisa na Emmy walipeleka matairi mjini Bungoma, kwenye duka la Bi. Jasbir. Mama huyo alikuwa ameuza na kufunga matairi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kila mtu mjini alijua kwamba hana subira na upuuzi. Aliyatazama matairi manne yaliyopangwa mbele yake, akavua miwani, akaivaa tena.

"Sifuna, hii ni gari ama ni mkutano?"

"Ni michango ya familia, Mama," Baba alisema kwa aibu.

"Hii ya lori mdogo, hapana. Hii ya gari ya mtoto, hapana. Ukifunga hizo, gari itaenda huku na wewe unataka kwenda kule." Aligusa lile la Baba. "Hii iko sawa." Kisha akaliinamia lile la Anko Mukhisa, akapitisha dole gumba ubavuni na kulitazama. Lilikuwa jeusi. "Nani amepaka hii?"

Emmy alitazama viatu vyake. Alihisi macho ya Anko Mukhisa yakimgusa upande wa shavu. Ilikuwa ni kusema tu, "Ni mimi." Hakusema.

"Hiyo ni uchafu ya safari," Anko Mukhisa akadakia.

"Uchafu hainuki hivi. Lete mafuta ya taa nioshe, tuone iko na nini chini."

"Ati uoshe? Mama, wewe unataka tu kutuuzia zako! Sifuna, twende. Mafundi wako wengi huko nje."

Baba alisimama katikati, akamtazama Bi. Jasbir, akamtazama ndugu yake. Uso wake ulionyesha uchovu wa mikutano yote, maombi yote na jumbe zote za simu. "Kesho tunasafiri," alisema mwishowe. "Tufunge tumalize." Bi. Jasbir alirusha mikono juu, akawapa mgongo.

Fundi wa pancha wa kando ya barabara hakuuliza lolote. Alipewa tairi, akafunga tairi. Jipya la Baba likakaa mbele kulia, na la Anko Mukhisa likakaa mbele kushoto; la Shangazi na la Anko Wamalwa hayakufungwa, na yale ya nyuma yakabaki yalivyo. Lile la zamani lenye nyuzi lilitupwa, na kile kipara cha Emmy kikawekwa nyuma kiwe spea.

Asubuhi iliyofuata waliondoka mapema. Baba alishika usukani. Kukhu Dinah aliketi mbele kushoto, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Nyuma walikaa Emmy, ambaye ndiye angemshika Kukhu mkono hospitalini, na Anko Mukhisa, ambaye alipata lifti ya kumrudisha karibu na Endebess. Kwa mara ya kwanza katika muhula na likizo, Emmy hakuwa amepiga pampu. Alipaswa kufurahi.

Walipita Kamukuywa salama. Baadaye kidogo usukani ukaanza kutetemeka.

"Ni nini hiyo?" Baba aliuliza.

"Ni barabara," Anko Mukhisa alisema. "Hapa wameharibu sana. Endesha tu."

Lakini Emmy alitazama nje na kuona lami imenyooka vizuri. Chini yao, mbele kushoto, kitu kilikuwa kikigonga, polepole kwanza kisha haraka. Mbele yao barabara ilianza kuteremka kuelekea darajani, na lori la miwa lilikuwa likipanda kutoka upande wa pili. Kukhu Dinah alikuwa amekaa juu kabisa ya tairi lile, mikono yake imekunjwa mapajani, akiimba taratibu wimbo wa kanisani. Hakuwa na habari. Emmy alihisi hofu na hasira vikimpanda pamoja, na hasira nyingine ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Baba, simamisha gari."

"Unataka kutapika?"

"Hapana! Simama sasa! Hiyo tairi ya Anko ni mbovu. Ni mimi nilipaka rangi ya viatu. Iko na nyufa pande zote!"

"Emmy!" Anko Mukhisa alifoka.

"Ni kweli, Anko! Ilikuwa juu ya turubai ya mahindi. Niliikalia nikiwa mdogo!"

Baba hakuuliza swali jingine. Alipunguza mwendo taratibu, akaiingiza Pijo kwenye nyasi, akazima injini. Wote wakashuka isipokuwa Kukhu. Ubavu wa tairi ulikuwa umevimba, uvimbe mkubwa kama ngumi, na katikati yake mpira ulikuwa umepasuka hadi waya zikaonekana. Rangi ya viatu ilikuwa imetoka kwa vumbi, na nyufa zote zilikuwa wazi. Baba alitazama uvimbe ule, akatazama mteremko na daraja, kisha akashika paa la gari kwa mikono yote miwili.

Anko Mukhisa alikaa chini kwenye nyasi. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Mavuno yalikuwa mabaya," alisema kwa sauti ndogo. "Niliona aibu kuja mikono mitupu, na wengine wote wameleta. Nikafikiria, ni safari moja tu. Mama, nisamehe." Kisha akamgeukia Emmy. "Na wewe mtoto nimekufundisha mabaya."

Kukhu Dinah alisikia yote kupitia dirisha. Walifunga ile spea kipara, Emmy akakanyaga pampu yake aliyoizoea, na Pijo ikatambaa hadi Kitale huku baiskeli zikiwapita. Walipofika, daktari alikuwa ameshamaliza wagonjwa wa siku hiyo. Muuguzi alimpima Kukhu, akatikisa kichwa, akawapa nafasi ya wiki iliyofuata. "Hii ndiyo ya mwisho ninayoweza kuwawekea," alisema. "Tafadhali, mfike."

Emmy alilia njia nzima hadi kituo cha matatu za Endebess, ambapo Anko Mukhisa alishuka bila kuaga kwa utani wake wa kawaida.

Jioni hiyohiyo, walipokwisha kutambaa hadi nyumbani, Baba alifungua simu yake, akarekodi ujumbe wa sauti kwa ukoo mzima. Emmy hakuwahi kumsikia akiongea hivyo.

"Kamati ya tairi imevunjwa. Nilijua tangu mkutano wa kwanza kwamba tairi hazichangwi kama viti vya harusi. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka maneno, na leo nusura nimuue mama yetu kwa sababu ya kunyamaza. Nitarudisha za kurudishwa. Kesho naenda dukani na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni Emmy."

Shangazi Phelista alijaribu kujibu kuhusu zile herufi nyeupe. Baba akazima simu.

Bi. Jasbir aliwaona wakiingia, akaweka chini kikombe chake cha chai. Kabla ya Baba kusema neno, Emmy alijitokeza mbele.

"Mama, ni mimi nilipaka ile tairi. Uliniuliza na nikanyamaza."

Mama yule alivua miwani. "Nilijua," alisema. "Vidole yako ilikuwa nyeusi kwa kucha. Haya, kuja hapa. Leo wewe ndiye utachagua, mimi nitakunyamazia."

Lakini hakunyamaza hata kidogo. Alimwonyesha Emmy namba za saizi kwenye ubavu wa tairi, azilinganishe na zile za Pijo. Alimwonyesha tarakimu nne ndogo zinazotaja wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. "Mpira inazeeka hata ikilala," alisema. "Mfereji inaweza kuwa mzuri na tairi imekufa. Usiangalie kung'aa. Soma, halafu uliza gari inabeba nani."

Palikuwa na tairi moja linalometameta lililokaribia kabisa kumvutia Emmy. Alisoma namba zake, akaliacha. Akaenda kwenye kona, palipokuwa na tairi lililotulia, lenye vumbi kidogo, la aina moja na lile jipya la Baba na la mwaka uleule. Alilibonyeza, akakagua ubavu wote kwa mwanga wa mlangoni, kisha akapitisha kidole na kukitazama. Kilikuwa na vumbi la kawaida tu.

"Hili," alisema.

"Umeona?" Bi. Jasbir alimwambia Baba. "Dakika chache. Nyinyi mmefanya mikutano mpaka mvua imekuja na kwenda."

Wiki iliyofuata usukani haukutetemeka. Kukhu Dinah alifika kabla ya mlango wa kliniki kufunguliwa, na jicho likapasuliwa. Kesho yake bandeji ilitolewa, wakarudi Bumula, ambako Anko Mukhisa alikuwa akiwangoja na gunia la viazi begani.

Kukhu alishuka mwenyewe. Alisimama uani, akatazama mlango wa nyumba yake, akautazama mgomba, akamtazama Emmy kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Kumbe umekuwa mrefu hivi," alisema, na Emmy akacheka huku machozi yakimtoka.

Kisha Kukhu akainama kwa taabu kando ya tairi la mbele la kushoto. Alilipapasa kama alivyolipapasa lile jingine, akanusa vidole, akavitazama kwa jicho lake jipya. Vilikuwa safi. Aliwaita Baba na Anko Mukhisa wasogee, akamshika Emmy bega.

"Sikieni, nyote watatu. Mukhisa, ungekuja mikono mitupu ningekupokea, wewe ni mtoto wangu. Aibu ya kukosa inapita. Uongo wa kuficha aibu ndio ungetuzika. Sifuna, heshima ya ndugu si kunyamaza wakikosea. Na wewe, mjukuu wangu, mkubwa akikwambia ufiche ubovu, mwambie hapana kwa adabu, halafu useme ukweli siku hiyohiyo, usingoje mteremko." Akampapasa shavu. "Siku ile mimi nilikuwa sioni. Wewe ulikuwa unaona."

Emmy aliinamisha kichwa. "Nimesikia, Kukhu."

Asubuhi iliyofuata aliamka kwa mazoea, akatoka na pampu ya mguu, akachuchumaa kando ya gari. Tairi lilikuwa limesimama imara. Alilikagua ubavu wote polepole, akarudisha pampu stoo, akaingia ndani kunywa chai yake ingali moto.